Hodi kwa Sauti ya Kooni

Mimi nimelelewa kwa hodi. Kwa nyanya yangu, Kisauni, Mombasa, ungeweza kuiba yai ukasamehewa, lakini ukiingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi na kungoja karibu, utasemwa mpaka uzeeke. Na hodi ilikuwa na sheria zake. Hupigwa mara tatu. Ukiitikiwa, ingia, usipoitikiwa, geuza njia urudi. Nawe uliye ndani, ukisikia hodi moja tu kisha kimya, usiitike wala usifungue. "Wenye miili hurudia," nyanya alikuwa akisema huku akichambua mchicha. "Asiye na mwili hubisha mara moja tu." Nilikuwa mtoto, nikaamini, na sijaacha kuamini hata leo. Anayetaka kunicheka na acheke.

Tabia hiyo nilikuja nayo Sydney. Nafanya kazi katika makao ya wazee, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Seven Hills, shifti za mchana. Wenzangu wa hapa wana mtindo wao: wanagonga kwa kidole huku mguu mmoja tayari uko ndani, wanasalimia wakiwa wameshashika shuka. Mimi siwezi. Mzee wa watu yuko kitandani kwake, pengine hana hata kanzu ya kulalia, nimvamie tu? Nasimama nje, naita "Hodi!" nangoja. Msimamizi wetu aliwahi kuniambia kazi haina muda wa kungoja milangoni. Nikamwambia muda nitautafuta, adabu nikiipoteza nitaitafuta wapi? Alininunia, kisha akazoea.

Chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu, mbali kabisa na lifti, alikaa bibi mmoja Mholanzi. Alikuja Australia akiwa msichana wa kuolewa. Alishona mapazia maisha yake yote, akasema Kiingereza cha hapa hapa, akazaa binti mmoja. Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia ukaanza kumpunguzia lugha. Kiingereza kilichokuja mwisho ndicho kilichoondoka kwanza. Nilipoanza kumhudumia alikuwa amebaki na Kiholanzi kitupu, na pamoja na Kiholanzi kulikuwa kumerudi hofu ambayo hakuna aliyeijua asili yake.

Mlango wake ulikuwa lazima ufungwe. Ukiuacha wazi, hata kidogo, alipiga mayowe mpaka ndege waliotua kwenye mti wa nje wakaruka. Mtu akiingia tu bila neno, alijibana ukutani akageuza uso, na chakula cha mtu huyo hakukigusa. Alikuwa akipungua mbele ya macho yetu. Walimpeleka hospitali kule Westmead wakamchunguza koo na tumbo, wakamrudisha wakisema hawakuona kitu.

Siku ya kwanza nilipopiga hodi kwake nilisikia sauti ndani ikiuliza: "Wie is daar?" Ilikuwa kama "wi is daar," sauti nyembamba, ya mtu aliyesogea karibu na mlango, ingawa nilijua hawezi kutoka kitandani peke yake. Wenzangu hawakuwahi kuisikia kwa sababu hakuna aliyewahi kungoja. Nikajibu, "Ni mimi, mama." Nikapiga hodi tena, akauliza tena vilevile, neno kwa neno. Nikajua kuna jibu linalotakiwa, na mimi sinalo. Nikaingia hivyo hivyo na trei yangu, akageukia ukuta.

Nina mwenzangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mchangamfu, anayeimba kwaya akitandika vitanda. Kwa chumba kile alikuwa haimbi. "Dada, mi siingiaka kule peke yangu," aliniambia. "Ile mulango iko na mutu."

"Mtu gani?"

"Mutu wa inje. Anangoja."

Nikamcheka. Ilikuwa mchana kweupe, jua la Sydney linachoma mpaka lami inanuka, na mtu mzima ananiambia mlango una mtu. Nilimcheka sana, lakini nilipopita pale baadaye nilijikuta nimepitia upande wa pili wa korido.

Binti wa bibi alikuja kila siku baada ya kazi ya ofisini. Alikuwa mtu wa umri wa kustaafu, mrefu, mpole, mwenye viatu vya kutembelea. Alitoka Doonside kwa treni, ninakoishi na mimi, na jioni mara nyingine tulirudi pamoja. Alisimama mlangoni kwa mama yake akasema kwa Kiingereza, "Ni mimi, Mama," na ndani yakaanza mayowe. Basi akakaa kwenye kiti cha plastiki pale koridoni, na kopo la biskuti magotini, mpaka saa ya kuondoka. Kiholanzi hakukijua. Wazazi wake walipofika nchi hii waliambiwa na majirani kwamba mtoto atachanganyikiwa, asemeshwe Kiingereza tu. Baba alikuwa akiteleza mara kwa mara akasema Kiholanzi, lakini mama hakuteleza hata siku moja.

"Nataka kuingia tu," aliniambia siku moja kwenye treni, akitazama nje. "Sitaki afe ndani na mimi niko kwenye korido. Sina lingine ninalotaka."

Nina binti wa kwangu mwenyewe, wa miaka ya ujeuri, nikimpigia hodi chumbani kwake ananiitika kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia vizuri sana, hasa nikimsengenya kwa simu, lakini hakijibu. Yale ya binti wa bibi yaliniuma mahali pangu.

Aliyetufungulia njia alikuwa mzee wa chumba cha kuelekeana na cha bibi, mwalimu mstaafu wa lugha, wa kiti cha magurudumu. Naye alikuwa msemaji wa lugha hiyohiyo, lakini wa kusini, chini ya mito mikubwa inayokata nchi yao. Nikamuuliza kwa nini yeye hamjibu bibi. Akacheka, kisha macho yakamlowa.

"Nilimjibu siku ya kwanza nilipohamia hapa. Akiuliza 'Wie is daar,' yaani nani yuko hapo, jibu la zamani ni 'Goed volk.' Watu wema. Hata watoto walilijua. Nikamwambia goed volk. Unajua alinijibu nini? 'Huyo si wa kwetu.' Koo langu ni laini, mama. La kwao linakwangua."

Ndipo akaanza kunieleza, na mzee yule akianza kueleza sauti ilikuwa sharti ukae chini. Herufi ya G, alisema, kwao haisemwi kama G ya Waingereza. Hutoka kooni, pumzi ikipita pembamba. Kusini huipitisha kwa upole mbele kidogo ya kaakaa. Kaskazini huisukuma nyuma kabisa mpaka ikwaruze. Nikamuuliza kwa nini. Wengine husema ni ukungu na upepo wa bahari, akasema, watu wakikosa sababu husingizia hali ya hewa. Ukweli wenyewe ni kwamba sauti ni ya zamani mno. Waingereza, Wajerumani na Waholanzi walikuwa zamani watoto wa mama mmoja wa lugha, na mkwaruzo huo walikuwa nao wote.

"Waingereza pia?"

"Sana. Waliuacha polepole. Lakini walipoandika maneno yao walikuwa bado wanausema, ndiyo maana herufi zake zimebaki. Tazama wanavyoandika neno lao la usiku, la mwanga, la binti. Katikati kuna herufi mbili zimesimama na hakuna anayezitamka. Ni makaburi hayo, mama. Unapita juu yake kila siku. Kwetu neno la binti ni 'dochter,' na aliyezikwa kwa Waingereza kwetu bado anapumua."

Alilisema neno lile, na kwa koo lake laini lilitoka kama mtu anayepulizia kioo. Haki ya Mungu, mikono ilinisisimka. Mwenzangu wa Bukavu alikuwa amesimama nyuma yangu na mashuka, naye hakuondoka.

Akatuambia na ya irabu. Neno lao la nyumba, "huis," lina irabu ambayo mgeni akiitamka midomo humfanya kichekesho. Inaanzia wazi, inaishia midomo imechongoka. Zamani walisema "huus," na wavuvi wengine bado husema hivyo. Halafu vita viliwatoa watu wa miji ya kusini, wakakimbilia kaskazini na ufundi wao na mali zao, na inasemekana wenyeji wakaanza kuiga midomo yao. Hapo mwenzangu akapiga makofi. "Kumbe ni barefijie ndio baleta sauti!" Naye mwenyewe alikuwa amefika nchi hii kama mkimbizi, na watoto. Mzee akasema wapo wanaobisha, lakini yeye huipenda hadithi hiyo.

Nikamuuliza lile la mwisho, lililokuwa likinikereketa. Kwa nini bibi anapima watu kwa koo?

Mzee akasogeza kiti chake akachungulia koridoni. Binti alikuwa pale kwenye plastiki yake. Akamwita aje, akasema halingekuwa jambo la haki mimi kusikia kabla yake.

Bibi huyo, alisema, husema peke yake alasiri, naye mzee masikio ndiyo kitu pekee kilichobaki kikimfanyia kazi. Alikuwa ameunganisha vipande. Ilikuwa majira ya baridi ya mwisho ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wameikalia nchi, katika mji ambao kwa njaa watu walikula mpaka vitunguu vya maua. Wakati ule sauti ilikuwa kitambulisho. Watu husimulia kwamba walinzi walimtamkisha mtu jina la mji fulani wa pwani, wakamjua adui kwa namna alivyoshindwa. Hakujua, alisema, kama yalikuwa hivyo kila mahali. Lakini katika nyumba yao mama aliwafunza watoto: mlango ukigongwa, uliza. Asipojibu "goed volk" kwa koo la kwetu, usifungue, hata akilia.

Bibi alikuwa mtoto mdogo. Dada yake mkubwa alikuwa amekwenda mashambani kwa baiskeli isiyo na mipira, kutafuta viazi. Mama yao ametoka. Alasiri moja giza limeshaanza kuingia, kwao huingia mapema, mlango ukagongwa mara moja. Mtoto akauliza nani yuko hapo. Upande wa pili kukawa na pumzi tu. Akauliza tena, pumzi. Dada alikuwa na homa, koo limevimba, sauti imekauka. Goed volk inahitaji koo.

"Hakufungua," mzee akasema. "Mama yao aliporudi alimkuta mkubwa pale kizingitini. Bibi hajawahi kusema zaidi ya hapo."

Binti alikaa na kopo lake la biskuti, mdomo wazi. Alikuwa hajui hata kama mama yake aliwahi kuwa na dada.

Nami nikaogopa. Sitaki kuzungusha maneno, niliogopa, na pamoja na woga nilikuwa na hasira, sijui juu ya nani. Mtoto yule alifanya sawasawa nilivyofunzwa mimi. Hodi moja, pumzi, usifungue. Ingekuwa mimi pale, nyanya yangu angenisifu.

Siku iliyofuata nilisimama kwenye mlango wa bibi nikapiga hodi. "Wie is daar?" Nikavuta mate. Nimekulia Mombasa, majirani zetu walikuwa watu wa msikitini, mimi Mkristo lakini kheri ninaitoa na kh yake, ghali naitoa na gh yake, mtihani wao wa koo usingenikuta mikono mitupu. Nikasema, "Goed volk," nikakwangua vilivyo.

Ndani likatoka neno moja fupi, jepesi, kama karibu. Nikafungua. Alikuwa amekaa, ananitazama. Alikula uji wote, akala na ndizi. Mwenzangu aliposikia alinishangilia jikoni, akanizungusha.

Lakini kulikuwa na jambo. Kila nikiingia, bibi alitazama nyuma yangu, mlangoni, kisha akanitazama mimi, akauliza, "En zij?" Mzee akanitafsiria: "Na yeye?" Kila siku. Naweka trei, na yeye? Namchana nywele, na yeye? Anauliza taratibu, kwa adabu, kama unavyomuuliza mgeni mbona amemwacha mwenzake juani. Niliacha kuupa mlango ule mgongo. Nilijifunza kukunja mashuka nikiwa nimeuelekea.

Binti tulimfundisha katika jiko la wafanyakazi. Maskini, koo la Australia ni gumu kulikoroga. Akaanza kwa K, akaenda kwa H, akakohoa mpaka tukampa maji. "Mama, safisha koo, lakini usiteme," nikamwambia. Mwenzangu akacheka mpaka akakaa. Nikamfundisha kheri. Asubuhi ananiona stesheni ya Doonside, badala ya kunisalimia ananiambia "Kheri!" watu wanageuka. Akawa anaisema kwenye treni, anaisema akivuka barabara. Siku aliyoipata sawa tulikuwa mbele ya mzee. Mzee akafumba macho akasema hilo ni koo la kaskazini, hilo ni koo la mama yako. Binti alilia pale pale. Akasema kesho atapiga hodi.

Kesho yake joto lilikuwa la kuvunja mbuyu. Alasiri akanipigia simu: treni zimechelewa kwa ajili ya joto, amekwama njiani, nimwambie mama anakuja. Nikamwambia aje tu, atakuta yupo. Nikaingia kwa bibi na bakuli la supu, nikafunga mlango, nikaketi, nimeuelekea mlango kama kawaida yangu.

Wanaoishi hapa wanaujua upepo ule wa kusini, unaokuja mwisho wa siku ya joto kali. Anga hubadilika ghafla, jasho linakauka mgongoni, milango ya jengo zima inajipiga. Nilisikia unavyokuja, mapazia yakavutwa dirishani, mahali fulani chini kitu kikaanguka. Kisha ukatulia.

Mlango ukagongwa. Mara moja.

Bibi akageuka. "Wie is daar?"

Nyuma ya mlango mtu akavuta pumzi. Niliisikia. Ilikuwa pumzi ya koo lililoziba, ndefu, yenye mkwaruzo mwishoni, ikitafuta neno isilipate. Nikajiambia ni binti, amepanda ngazi mbio, sauti imemkauka. Nikajiambia ni upepo. Nikangoja hodi ya pili. Nyanya yangu mimi nilimsikia waziwazi, na mchicha wake.

"Wie is daar?" bibi akauliza tena. Pumzi.

Kijiko kilikuwa hewani mkononi mwangu na supu inamwagika shukani. Sikuinuka. Bibi akanitazama, na uso wake ulikuwa umekuwa mdogo, sijui niseme vipi, makunyanzi yote yako mahali pake lakini anayetazama ni mtoto. Akasema, "Doe open." Sikuhitaji mzee wa kunitafsiria, mkono wake ulikuwa ukielekeza kitasa.

"Mama," nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimenikimbia na mimi, "hodi ni moja tu."

"Doe open," akasema, akaanza kulia. "Doe open. Doe open."

Nikaweka bakuli. Nikaenda mlangoni. Nikasema Yesu, nikafungua.

Korido ilikuwa tupu. Tupu mpaka mwisho, mpaka kwenye lifti, kiti cha plastiki kimekaa peke yake. Hewa iliyoingia ilikuwa baridi, sawa, upepo wa kusini ni wa baridi. Ilinukia sufu iliyolowa. Hiyo sijui niiweke wapi, kwa sababu mvua haikuwa imenyesha na hakuna mtu Sydney anayevaa sufu siku kama ile.

Nilipogeuka, macho ya bibi yalikuwa yakifuata kitu. Yalitoka mlangoni, yakapita karibu na bega langu, yakaenda polepole mpaka ubavuni mwa kitanda. Akainua blanketi. Akaanza kusema chini chini, maneno mengi, yale ya kukwaruza yote, lakini akiyasema kwa upole ambao sikujua yanao. Alikuwa akipiga piga godoro, kaa, kaa hapa. Akashika kitu baina ya viganja vyake akakipulizia joto, kama unavyompulizia mtu vidole.

Mimi nilisimama na kitasa mkononi. Niliona nikiufunga mlango nitakuwa nimejifungia na aliyeingia. Kwa hiyo niliuacha wazi, na bibi hakupiga mayowe.

Hivyo ndivyo binti alivyoukuta. Lifti ilifunguka kule mwisho, akatoka, nywele zimetimka, akauona mlango wa mama yake uko wazi. Alidhani amechelewa. Alikimbia korido nzima na viatu vyake vya kutembelea, akafika kizingitini akasimama, anahema, neno lake liko tayari mdomoni. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Bibi aliinua macho. Akamtazama kwa muda. "Dochter," akasema. "Mijn dochter." Nikausikia ule mkwaruzo wa katikati ya neno, mzima, unapumua.

Binti akashika mlango. Bibi akatandaza mkono kuelekea ubavu wa kitanda, pale palipokuwa na blanketi lililoinuliwa na hapana mtu, akamtazama binti, akangoja. Nyote mnaijua ishara hiyo. Ni ya mama anayemwambia mtoto asalimie wageni. Binti akanitazama mimi, macho yananiuliza. Nikamwashiria: salimia. Ningemwambia nini kingine?

Akapageukia pale patupu, akakohoa kidogo, akasema, "Goed volk."

Alilitoa lilivyo. Bibi akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake, kilikuwa kikubwa, cha mtu mnene. Akasogea ukutani kumpisha aliyekuwa naye, akamwonyesha binti upande wa pili wa miguu yake, naye akakaa. Nikaenda kuleta chai. Nilileta vikombe vitatu, na hakuna aliyeniuliza cha tatu ni cha nani.

Tangu siku hiyo mlango ule haukufungwa tena. Bibi hakuuliza nani yuko hapo wala na yeye yuko wapi. Mwenzangu wa Bukavu akawa anaingia peke yake, anaimba. Nilimuuliza yule mtu wa nje vipi. "Aliingiaka," akanijibu, akaendelea na mto. Binti alikaa ndani kila jioni, ameshikwa mkono, akisemeshwa Kiholanzi asichokielewa na kuitikia kwa neno moja analolijua. Bibi alifariki kabla ya joto la mwaka huo kwisha. Binti alikuwa ndani.

Siku mbili baadaye nilipanda juu kukisafisha chumba. Mlango nikaukuta umefungwa. Nilijua binti yuko humo anakusanya vitu vya mama yake, msimamizi alikuwa ameniambia, lakini adabu ni adabu. Nikapiga hodi. Moja, mbili, tatu.

"Wie is daar?"

Ilikuwa sauti ile ile, nyembamba, iliyosogea karibu na mlango. Nikajiambia ni binti, mpumbavu wee, nani mwingine. Nikajiambia mara mbili. Nikavuta mate.

"Goed volk."

Kitasa kikazunguka. Alikuwa binti, macho mekundu, ana sweta la mama yake begani. Akaniomba radhi. Alisema amekaa upande wa nje wa mlango huu muda mrefu sana, akataka kujua upande wa ndani ukoje.

"Ukoje?" nikamuuliza.

"Unatisha," akasema, "mpaka mtu akujibu."

Akanipisha, nikaingia.